Makoti Yaliyomngoja Mgeni

Jumatatu, 20 Machi 2006

Mvua imeanza leo saa nane mchana, tukiwa mkutanoni. Ilipiga madirisha ya ofisi yetu hapa Upper Hill mpaka Bwana Kibe akalazimika kuinua sauti. Alikuwa akitueleza kwamba mwaka huu kampuni yetu ya ulinzi itashindania tuzo ya mwajiri mwenye maadili. Tuna soja mia sita wanaolinda mageti ya Lavington, Loresho na kwingineko, akasema, na kila mmoja wao anastahili kuivaa sare yetu bila aibu.

Mimi namwamini Norman Kibe. Kabla hajaletwa kuwa mkurugenzi, miaka miwili iliyopita, soja aliyekutwa amesinzia alikuwa akipigishwa magoti kwenye kokoto mbele ya wenzake. Kibe alikomesha hayo wiki yake ya kwanza. Akanipa mimi, afisa wa wafanyakazi, kazi ya kuandika kanuni mpya, na akazisoma mstari kwa mstari. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wanne. Huyu ndiye wa kwanza kuniuliza, "Rael, wewe unaonaje?"

Muchiri, meneja wa operesheni, alikaa pembeni akichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti. Alikuwa polisi zamani na bado anaongea na watu kama wako seli. Tukiikosa tuzo, itakuwa kwa sababu yake.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua. Viatu havijakauka tangu Jumatatu.

Jumatano, 29 Machi

Makoti ya mvua yamefika. Mia sita, ya kijani, yana mistari inayong'aa gizani na jina la kampuni mgongoni. Jamleck, mtunza stoo, alifungua moja akalivaa, akazunguka nalo kati ya mabunda kama bwana harusi. Tumeyaomba makoti haya miaka mitatu.

Hannah, anayeshughulikia habari na uhusiano mwema, alikuja na maagizo kutoka kwa Bwana Kibe. Yasigawiwe bado. Tarehe 21 Aprili kutakuwa na sherehe. Waziri msaidizi atamvika soja wa kwanza koti, na watu wa magazeti watakuwepo. Picha zitaingia kwenye maombi ya tuzo. Mpaka siku hiyo stoo haitoi koti bila saini ya afisa wa wafanyakazi. Yaani mimi.

Nilisema sawa. Wiki tatu si kitu.

Jumatano, 5 Aprili

Mzee Nthiwa amekuja ofisini asubuhi akitoka zamu ya usiku. Amelinda geti moja huko Lavington mwaka wa tisa sasa. Ni mtu wa Mwingi, ana miaka hamsini na minne, na sijawahi kupata lalamiko hata moja juu yake. Alisimama mlangoni hakutaka kuingia, maji yakimtoka kwenye suruali yakidondokea sakafu.

"Ingia, mzee."

"Nitachafua, madam. Nilisikia zile makoti zimekuja."

"Zimekuja. Zitatolewa tarehe ishirini na moja."

Akafikiri kidogo. "Na mtu hawezi kupewa moja ya kutumia, halafu airudishe hiyo siku?"

Nilimweleza kuhusu waziri msaidizi, mgeni wa sherehe. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesomewa barua ya ndugu wa mtu mwingine. Kibanda chake, akasema, kilibomolewa mwezi wa pili wenye nyumba walipopanua geti, na hakijajengwa kingine. Kisha akaaga. Baada yake nilichukua kitambaa nikapangusa sakafu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimemwandikia Bwana Kibe kuomba makoti machache yatolewe kwa malindo yasiyo na kibanda. Nilihesabu malindo ya namna hiyo, yapo arobaini na moja. Barua imerudi jioni ina mwandiko wake mzuri pembeni: "Rael, asante kwa kuwajali. Tukianza kutoa machache, sherehe haina maana tena. Subira, wiki mbili tu."

Nimeiweka kwenye faili. Ana hoja.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua. Barabara ya kwetu Kangemi haipitiki kwa viatu vya kawaida.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Kanisani. Mchungaji alihubiri juu ya Pilato kunawa mikono. Nilisinzia.

Jumatano, 19 Aprili

Sherehe imeahirishwa hadi tarehe 5 Mei. Mgeni amesafiri.

Alhamisi, 20 Aprili

Muchiri ameingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Nataka makoti hamsini. Jamleck ananiambia nilete saini yako."

"Leta barua ya mkurugenzi."

"Mkurugenzi nimemuuliza. Amesema nisubiri mgeni." Aliegemea meza yangu kwa ngumi zote mbili. "Madam, mimi ndiye huzungukia hao watu saa kumi na moja asubuhi. Wewe unawaona kwa faili."

Nikamwambia asinipigie kelele, kwamba kampuni hii ina taratibu sasa, na siku za amri za polisi zilipita. Nilitegemea atafoka. Hakufoka.

"Haya," akasema. "Wewe ndio uko na kalamu."

Akaondoka. Nilikaa na hasira, nikijiambia anatafuta sifa kwa soja wake. Hata sasa ninapoandika hivi nataka iwe hivyo.

Jumanne, 25 Aprili

Leo baada ya kazi nilishukia Lavington nikatembea hadi geti la Mzee Nthiwa. Sikuwa na sababu ya kiofisi. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, amepokea zamu hivi punde. Alikuwa amejifunika karatasi ya nailoni, ile inayofunikia magodoro mapya, ameitoboa tundu la kichwa na kuifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Akapiga saluti. Saluti hiyo ilikatizwa na kikohozi kilichomwinamisha mpaka akashika nguzo.

"Una siku ngapi na hicho kikohozi?"

"Kidogo tu, madam. Ni baridi."

"Kwa nini huendi zahanati?"

Alitazama barabarani. "Zahanati ya kampuni iko Industrial Area na inafungua asubuhi. Nikitoka hapa nafika kuna laini ndefu, naambiwa rudi kesho. Na nikikosa zamu mbili bila cheti ya daktari, hii geti inapewa mwingine. Hiyo sheria iko kwa ubao, madam. Namba tisa."

Najua ni namba tisa. Niliiandika mimi. Wakati huo kulikuwa na vijana waliotoweka malindoni wikendi, na nilitaka kanuni isiyopendelea mtu. Bwana Kibe aliisifu kwa jinsi ilivyo wazi.

Nilimwandikia papo hapo ruhusa ya siku nne, kwenye karatasi niliyoikata daftarini, nikatia saini. Aliikunja akaiingiza ndani ya kofia isilowe.

Ijumaa, 28 Aprili

Nimempigia Muchiri simu kuuliza kama Nthiwa anapumzika. Alipumzika siku moja. Siku ya pili alipita getini, akaona kijana aliyewekwa mahali pake anazoeana na wenye nyumba, akaogopa, akarudi.

"Si nilimpa karatasi?" nikasema.

"Karatasi ulimpa," akasema Muchiri. "Lakini ile ya ubaoni ina muhuri."

Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefua, na nguo hazikauki.

Jumatano, 3 Mei

Imeahirishwa tena, hadi tarehe 19. Hannah ametangaza huku akila andazi. Nimeshuka stoo bila kujua nakwenda kufanya nini. Mabunda yamefika darini. Jamleck alikuwa amekalia moja anasoma gazeti. Aliniangalia, akangoja. Nikamuuliza kama kuna kalamu za wino mweusi, akanipa mbili, nikarudi juu.

Jumatatu, 8 Mei

Saa mbili asubuhi Muchiri amenipigia. Nthiwa ameanguka getini akiwa anafungulia gari la mwenye nyumba. Muchiri alikuwa kwenye mzunguko wake Loresho. Akafika kabla ya yeyote, akampakia kwenye pikapu yake na kumpeleka hospitali iliyo chini ya kilima cha ofisi yetu.

Nilishuka kilima kwa miguu, si mbali. Nilimkuta Muchiri kwenye benchi la nje ya wodi, shati lake limelowa kifuani pale alipomkumbatia yule mzee. Daktari kasema ni nimonia, mapafu yote mawili, na kwamba imekaa muda. Muchiri alikuwa ameshika kofia ya Nthiwa, anaizungusha mikononi. Ndani yake karatasi yangu ilikuwa bado imekunjwa, imegeuka uji.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nikilijua. Ile nailoni ya magodoro ni yeye aliyeileta. Tangu mvua ianze amekuwa akizunguka kwenye maduka ya magodoro ya Kawangware akiomba makaratasi yanayotupwa, na kugawia malindo yasiyo na kibanda. Watu ishirini na kitu.

"Kwa nini hukusema kwenye mkutano?"

"Nani angenisikiliza? Mimi ni yule wa zamani."

Nimekuwa nikimwita hivyo hivyo, kwa maneno yale yale, nikinywa chai na Hannah.

Jioni mke wa Nthiwa alifika kutoka Mwingi. Anaitwa Kavata. Ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliniuliza mimi ni nani kwa mumewe, nikasema nafanya naye kazi. Akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuja.

Jumanne, 9 Mei

Sikulala vizuri. Saa mbili kamili nilikuwa stoo.

"Leta kitabu cha kutolea," nikamwambia Jamleck.

"Ngapi, madam?"

"Yote."

Akanitazama usoni kuhakikisha. Bwana Kibe yuko Mombasa kwenye semina ya viongozi hadi kesho, na sikumpigia. Ningempigia, angeniuliza naonaje, tungezungumza kistaarabu, na mwisho wake ningekubaliana naye. Namjua, na najijua.

Nilitia saini. Muchiri alileta pikapu na lori la doria. Tulipakia wenyewe, mimi nikiwa nimevua viatu vya ofisi. Tulianza Loresho tukateremka na Waiyaki Way, tukaingia Lavington, geti kwa geti. Mvua ilinyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Soja mmoja mzee aliuliza atatia sahihi wapi, na mgeni yuko wapi. Mwingine alilivaa koti, akalivua, akalikunja vizuri akaliweka ndani ya mfuko. "Nitalitunza la sherehe," akasema. Muchiri akalitoa mfukoni akamvika mwenyewe, akamfunga vifungo hadi shingoni.

Tulipofika geti la Nthiwa alikuwepo yule kijana wa akiba. Tukampa lake. Likabaki moja kwenye kiti cha nyuma na hakuna aliyeligusa.

Jumatano, 10 Mei

Bwana Kibe ameniita saa nne. Hakuinua sauti. Ingekuwa rahisi kama angeinua.

"Ningekuruhusu, Rael, kama ungeniuliza."

"Nilikuuliza tarehe sita Aprili."

"Hiyo ilikuwa kabla mtu hajaugua."

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa kabla."

Akapanga kalamu zake. Ana uso wa mtu mwema, na bado ni mwema. Aliniuliza habari za Nthiwa kwa uchungu ninaouamini. Kisha akaomba makoti thelathini yarudishwe, yaoshwe, yakunjwe, kwa ajili ya tarehe 19. Nikamwambia amwagize Muchiri. Baadaye nilisikia kwamba Muchiri alijibu hawezi kumvua mtu nguo kwenye mvua, mwingine ajaribu.

Ijumaa, 12 Mei

Mzee Nthiwa amefariki leo alfajiri.

Jumamosi, 13 Mei

Sikwenda popote.

Jumatatu, 15 Mei

Fomu ya tuzo imeletwa mezani kwangu. Kurasa kumi na mbili, nyingi nimezijaza mimi kwa mkono wangu mwezi wa tatu, kwa fahari. Iliyobaki ni saini moja chini ya swali la kumi na nne: Je, katika miezi kumi na miwili iliyopita kuna mfanyakazi aliyeugua au kuumia kazini kwa kukosa vifaa vya kujikinga? Hannah alikuwa ameshaandika "Hapana."

Nilimrudishia Bwana Kibe mwenyewe, bila saini.

"Hakuna anayeweza kuthibitisha," akasema. "Watu hupata nimonia hata wakilala ndani ya nyumba. Alikuwa mtu mzima. Pengine alikuwa na ugonjwa mwingine."

"Pengine."

"Kwa hiyo 'hapana' si uongo."

"Basi hunihitaji mimi niseme."

Alikaa akitazama nje, kwenye mawingu yaliyofunika majengo ya mjini. "Unajua nilikuta nini hapa," akasema polepole. "Unajua nimebadilisha mangapi. Hii tuzo ingetupa nguvu ya kubadilisha mengine."

Najua. Nilikuwepo. Ndiyo sababu nilishindwa kumkasirikia nilivyotaka.

Jioni nimesikia Hannah ametia saini kwa niaba yangu. Imepelekwa.

Ijumaa, 19 Mei

Sherehe imefanyika. Mgeni alikuja amechelewa kwa saa mbili, akamvika soja mmoja koti ambalo soja huyo alikuwa amelivaa siku kumi, likavuliwa asubuhi hii na kupanguswa. Nililiona tope kwenye pindo. Bila shaka mpiga picha aliliacha nje ya picha. Bwana Kibe alisoma hotuba vizuri mpaka mahali pa kumtaja "mwenzetu aliyetutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi." Hapo alisita. Akairudia sentensi, akaacha neno "mfupi."

Kulikuwa na jua, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumanne, 23 Mei

Tumemzika Mwingi, mimi na Muchiri na soja wanane waliopata ruhusa. Huko mvua ilikuwa imenyesha kidogo tu. Mahindi yalifika magotini, na watu walikuwa wakiyasifu kaburini kabla ya ibada kuanza.

Baada ya kula, Kavata alinipeleka nyuma ya jiko. Alisema soja mmoja amemweleza kuhusu makoti. Akataka kujua kama ni kweli yalikuwepo siku ile mumewe alipokuja ofisini.

Ningeweza kutaja mgeni, mkurugenzi, taratibu. Nilisema, "Yalikuwepo. Ufunguo haukuwa kwangu, lakini saini ilikuwa yangu. Sikuitia."

Hakulia. Aliweka chini sufuria ambayo hajaiosha.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Lakini usije tena hapa."

Nikasema nimeelewa.

Jumatatu, 29 Mei

Nimeandika barua ya mstari mmoja kumwomba mkurugenzi aifute kanuni namba tisa. Hakuijibu kwa mwandiko pembeni safari hii. Alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wageni, kile ambacho soja hukalia wakija kulalamika. Aliitia saini pale pale.

Kisha akauliza, "Angepewa koti ile tarehe tano Aprili, angeishi?"

"Sijui, Bwana Kibe."

"Mimi pia sijui," akasema. "Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kama ningejua moja kati ya hayo mawili, ningelala."

Jumatano, 7 Juni

Waamuzi wa tuzo wamekuja, mwanamume na mwanamke. Walizunguka, walikunywa chai, wakaomba kuonana na afisa wa wafanyakazi. Hannah alisema niko na shughuli. Mwanamke akasema watangoja.

Niliketi mbele yao, Bwana Kibe akiwa pembeni yangu. Mwanamke akafungua fomu kwenye swali la kumi na nne akauliza mbona si jina langu lililo chini.

Nikawaeleza. Sikupamba wala sikupunguza. Nilitaja tarehe ya makoti kufika, tarehe ya Nthiwa kuja, tarehe mbili za kuahirisha, na kanuni niliyoiandika mimi. Sauti yangu ilikuwa ya kuchosha, kama naita majina ya mahudhurio. Nilipomaliza mwanamume alimgeukia Bwana Kibe kwa adabu, kumpa nafasi ya kunikanusha.

Nilisubiri niisikie ile hoja ya nimonia.

"Ni kama alivyosema," Kibe akajibu. Alifuta midomo yake. "Nirudishieni hiyo fomu, tafadhali. Nimeiondoa."

Hakunitazama, na hata walipoondoka hakunitazama. Alipita karibu yangu kwenye korido akaingia ofisini kwake akafunga mlango. Nadhani hatutarudi tulivyokuwa. Hannah hanisalimii. Nimechoka kiasi kwamba hata kufarijika ni kazi.

Alhamisi, 15 Juni

Mvua imekwisha, baridi imeingia, ile ya ukungu unaokaa hadi saa tano. Asubuhi Muchiri amekuja na karatasi mikononi, akabisha hodi kwanza.

"Ni watu kumi na mmoja," akasema. "Wote wanaomba siku za ugonjwa. Tangu niajiriwe hapa sijawahi kupata hata watatu kwa siku moja."

Aliniangalia kwa wasiwasi, kana kwamba nitasema wanadanganya. Pengine wawili watatu wanadanganya.

"Malindo yao utayafanyaje?"

"Nitatafuta watu. Nikikosa nitasimama mwenyewe."

Nilimwambia akae. Nikazisoma moja moja: mgongo, malaria, kifua, kifua, jino, kifua. Nikaziidhinisha zote. Kwa wale watatu wa kifua niliandika wiki nzima badala ya siku walizoomba, nikampa Muchiri awapelekee wenyewe wakiwa bado wanangoja chini.